Jani la Shambani kwa Yotham

"Kati ya Manyoni na Gairo halijaota jani nisilolijua," alisema Sajenti Ambokile, akajipiga kifua kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. "Likiwa bichi, likiwa kavu, hata likiwa limesagwa na kuviringishwa kwenye karatasi. Nipe ninuse, nikutajie."

Koplo Masudi alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa chumba cha vielelezo, anaangalia sakafu. Hakuinua kichwa.

"Basi njoo unitajie hili, afande. Fanya haraka, maana limebaki bua."

Ambokile alisogea. Ndani, katikati ya baiskeli za wizi na redio kaseti zisizo na wenyewe, alikuwa amelala beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Beberu huyo naye alikuwa kielelezo, wa kesi ya wizi wa mifugo. Mvua ilikuwa imenyesha, askari wa zamu akamhurumia asilowe, akamwingiza ndani na kumfunga kwa kamba iliyokuwa ndefu kuliko huruma yenyewe. Chini ya kwato zake lilitandazwa gunia lililopasuka, na ndani ya gunia hamkuwa na kitu.

"Ni lile la Yotham?"

"Ni lile la Yotham."

Gunia hilo ndilo lilikuwa kesi nzima. Lilijaa majani ya bangi yaliyong'olewa mwezi Februari kwenye shamba la uwele la Yotham, mkulima wa kijiji cha Chigongolo, na tangu siku hiyo Yotham alikuwa mahabusu akisubiri mahakama. Ambokile ndiye aliyeyaona majani, akayatambua, akayang'oa na kuyashonea guniani. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuruka kama kumbikumbi wakati ule, kila wiki jipya, na moja lilimpiga picha amekumbatia mabua hayo kifuani kama bwana harusi. Picha ile aliibandika ukutani, chumbani kwake mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, juu ya kitanda.

"Ngoja kwanza," alisema Masudi, akajikalisha juu ya ndoo. "Nataka nione. Mbuzi amekula gunia zima la bangi. Lazima atafanya kitu."

Wakasubiri. Beberu aliwatazama, akacheua. Alisimama, akajinyoosha mgongo, akatembea hadi mwisho wa kamba kwa hatua za mtu anayekwenda ibadani. Akakojoa. Akarudi, akalala, akaendelea kucheua.

"Hata hapepesuki," alisema Masudi. "Hata hacheki. Bangi gani hii, afande?"

"Imekauka. Nguvu imetoka."

Alijibu upesi mno. Alikuwa mtu wa namna hiyo, jibu lake hulala limevaa viatu. Laiti siku hiyo angelala nalo kidogo.

Inspekta Evodia, mwendesha mashtaka, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ambayo huivua kila anapotaka kumtisha mtu. Aliivua.

"Kesi iko kesho kutwa. Nimwambie hakimu nini? Kwamba kielelezo kimekula kielelezo?"

Masudi alikohoa ili asicheke.

"Na majibu ya vipimo, afande?" aliuliza Ambokile.

"Sampuli iko Dar, bado haijajibiwa. Mahakama ilikubali kuanza na ushahidi wako wewe, bwana mtaalamu. Shambani yamebaki mengine?"

"Nilimwachia mwenyekiti wa kijiji ayachome."

"Sikukuuliza ulimwachia nani."

"Nitakwenda kuangalia, afande."

"Nenda. Kama yapo, ng'oa na mizizi yake, mwenyekiti awepo ashuhudie. Kama hayapo, naiondoa kesi, mzee anakwenda zake kwa kukosekana ushahidi. Na habari za cheo chako kipya tusizizungumze tena." Akavaa miwani. "Na huyo mbuzi mtoeni kabla hajala baiskeli."

Hapo mjini mtu wa kumuuliza kama majani yamebaki alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mahabusu. Ambokile alimfuata huko.

Yotham aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, wa wale wanaosimama mlangoni Jumapili na kuwaonyesha watu pa kukaa. Koti lilikuwa limebaki na ukubwa ule ule, mwenyewe ndiye aliyepungua ndani yake.

"Shikamoo mzee," alisema Ambokile.

Yotham alimtazama kwanza. Siku ya kukamatwa hakupewa shikamoo. Alipewa kofi la mgongo na kuambiwa apande gari.

"Marahaba," alisema. "Leo una shida."

"Shida ndogo. Ile bangi yako, ilibaki mingine shambani?"

"Sina bangi."

"Yale majani, basi."

Hapo Ambokile alikumbuka mahojiano ya kwanza, maana yalifanyika kwenye meza hii hii. Alikuwa akiyasimulia kila wiki kwenye kantini ya askari, na kila wiki yalichekesha.

"Hii umepanda lini?" alikuwa ameuliza.

"Sikupanda. Imeota."

"Shamba zima umepalilia, hakuna hata ukoka. Haya majani yamesimama katikati ya uwele, udongo umelegezwa shinani. Jembe lako halikuyaona?"

"Liliyaona. Nikayaacha."

"Ya nini?"

"Ya kula."

Askari wote waliokuwa chumbani walivunjika mbavu. Mmoja ilibidi atoke nje. "Anakula! Mzee wa kanisa havuti, anakula!" Na maneno hayo yakaandikwa kama yalivyo kwenye maelezo ya mtuhumiwa, kwa kalamu iliyokuwa bado inatetemeka kwa kicheko.

Ambokile alikuwa na sababu zake, na zilionekana nzuri. Alizaliwa Rungwe, kwenye mvua na migomba, ambako shamba hupaliliwa mpaka udongo ung'ae, na mwanamke anayeacha gugu husemwa na mama mkwe mpaka alie. Kwa hiyo alipoona shamba safi limeachiwa aina moja tu ya majani, marefu, yenye vidole vilivyotawanyika kama kiganja, hesabu ilikuja yenyewe kichwani. Gugu haliachwi. Kilichoachwa kimepandwa. Kinachofanana na bangi na kimepandwa, ni bangi. Aliisema hesabu hiyo mbele ya wakubwa, wakatikisa vichwa kwa kukubali, na wao wengi pia walitoka kwenye mvua.

"Yamebaki upande wa korongo," alisema Yotham. "Mwenyekiti alichoma ya njiani, akachoka. Mke wangu aliniambia."

"Asante kwa kusema ukweli."

"Nenda asubuhi."

Ambokile aliinua macho. "Kwa nini asubuhi?"

"Nenda asubuhi tu. Jua likiwa bado changa. Mchana hutaona."

"Sitaona nini?"

 Yotham alikuwa anashika kifungo cha koti ambacho hakikuwepo tena, vidole vinazungusha uzi.

"Nikikuambia utacheka," alisema. "Ulishacheka."

"Sicheki leo, mzee."

"Mama yangu alikufa Machi. Niliomba nikamzike, nirudi. Wakasema mpelelezi wa kesi amepinga, amesema nitatoroka." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja mipaka ya shamba. "Ningetoroka niende wapi, na mama yuko pale?"

Ambokile alikumbuka. Ofisa mmoja alimsimamisha koridoni, akamuuliza, "Yule wa bangi anaomba kwenda msibani, unaonaje?" Naye alikuwa anawahi chai. Alisema, "Atatoroka huyo," akapita. Ndiyo hivyo tu. Neno moja la koridoni, na bibi wa watu alifukiwa bila mwanawe.

"Pole sana, mzee," alisema.

"Nenda asubuhi," alijibu Yotham, akainuka mwenyewe.

Sasa ungedhani mtu mwenye akili angeondoka hapo na kichwa kimeinama. Ambokile aliondoka nacho kimesimama, kwa sababu tayari kilikuwa kimeshika harufu nyingine.

"Kuna mshirika," alimwambia Masudi nje. "Asubuhi na mapema kuna mtu anakuja kuchuma. Mzee amechoka kukaa ndani peke yake, anataka kumchoma mwenzake, ila anaogopa kumtaja."

"Au anataka tu ulowe umande," alisema Masudi.

"Wewe upelelezi ulisomea Kondoa, kwenye maduka ya halua."

"Na wewe ulisomea kwenye ndizi, afande. Tutaona."

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Waliomba lifti kwenye Isuzu ya mfanyabiashara anayekwenda vijijini kununua alizeti; siku hizo biashara ilikuwa ruksa kwa kila mwenye magurudumu, na vijijini malori yalifika kabla hata ya jogoo kumaliza kuwika. Walishuka njia panda ya Chigongolo kungali ubaridi, anga imeanza kupauka upande wa Mpwapwa. Masudi alikuwa amejifunika shuka mpaka puani.

"Nenda kamwamshe mwenyekiti Bartolomayo," alisema Ambokile. "Mje naye taratibu. Mimi natangulia kuvizia."

"Ukimkamata mshirika usimmalize. Niachie hata mguu."

Ambokile alikata shambani peke yake. Uwele ulikuwa umekomaa, masuke yameinama, na umande ulimlowesha suruali mpaka mapajani. Akapita pale palipochomwa, karibu na njia, ambapo udongo ulikuwa bado na majivu. Akafika ukingo wa korongo. Majani yalikuwepo. Februari yalimfika kiunoni. Sasa yalikuwa yamempita kichwa. Alichuchumaa katikati yake, akaweka mkono kwenye pingu, akasubiri mshirika.

Mshirika hakuja. Lilikuja jua.

Lilipopiga juu ya mabua, Ambokile aliona kwamba hakuwa amekaa gizani na majani peke yake. Kulikuwa na maua. Makubwa, mapana kama kiganja cha mtoto wa shule, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano, na katikati ya kila ua doa jekundu lililoiva kama divai ya Dodoma. Moja lilikuwa limefunguka sikioni mwake kabisa. Wazo lake la kwanza lilikuwa la mtu asiyependa kushindwa. Alidhani kuna mmea mwingine unaotambaa, umepanda juu ya bangi na kuchanua hapo.

Akalishika ua kwa shina lake, akaanza kulifuata kwa vidole kwenda chini, kutafuta huo mmea mwingine. Vidole vikafuata kikonyo, vikafika kwenye bua, vikachomwa.

Akatoa mkono. Miiba midogo midogo ilikuwa imeota kwenye bua lote. Hata Februari ilimchoma, alikumbuka sasa. Alifunga leso, akasema ni miiba ya kwenye ua wa boma.

Bangi haina miiba.

Hapo akakaa chini kwenye umande, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, akafanya kazi yake. Aliangalia majani ya chini karibu na ardhi. Hayakuwa na vidole. Yalikuwa mazima, ya mviringo wenye ncha, kama moyo wa kuchora. Vidole vilianzia juu. Alikunja jani, akalisugua, akanusa. Lilinuka jani. Bangi mbichi ukiisugua hivyo inakufuata mpaka nyumbani. Akavunja kikonyo, akabana utomvu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaachanisha. Ukavutika, ute mtupu, kama bamia.



Akalichuma ua, akahesabu petali. Tano. Katikati kulikuwa na kijiti kimoja kilichozungukwa na chavua pande zote, na kijiti hicho alikuwa amewahi kukichora kwa penseli kidato cha tatu, akaandika majina kwa mishale, akapata alama zote. Ua la bangi ni kitu kingine kabisa, vishada vya kijani visivyo na haya wala uzuri. Alitafuta tunda bichi, akalipasua kwa kucha. Vyumba vitano, mbegu zimepangwa ndani. Bamia ina vyumba. Choya, ile ya juisi nyekundu, ina vyumba. Pamba ina vyumba. Ukoo mmoja huo, na huu nao ni wa humo humo. Ni ile kenafu, ndugu wa choya, ambayo mahali pengine hulimwa kwa ajili ya nyuzi za magunia na huku huota yenyewe mvua ikinyesha, inachanua asubuhi na kufumba mchana, inamwaga mbegu, inakufa, mwakani inaota tena bila kuombwa.

Alisimama aone mbali. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mashamba ya watu wengine. Kila shamba lilikuwa limepaliliwa vizuri, na katikati ya uwele wa kila mmoja, moja moja, maua yale ya manjano yalikuwa yamesimama, yameachwa. Watu wa huku wanapopalilia huchagua. Jembe hupita, hukata, hufika kwenye kinachoingia chunguni, huzunguka. Alikuwa ameona shamba moja kwa sababu lilikuwa karibu na barabara. Angevuka korongo siku ile, ingebidi akamate kijiji kizima, na labda hapo angejiuliza. Na kijiji baada ya kumwona Yotham anapandishwa gari, nani angekwenda kituoni kusema hata mimi ninayo, na mimi ninakula?

Yotham alisema. Imeota. Nimeiacha. Ya kula. Maneno machache, yote ya kweli, na wao walicheka.

"Nimemfunga mtu kwa choya ya porini," alisema Ambokile kwa sauti. Hakukuwa na mtu, akasema tena, kama vile mara ya pili itakuwa afadhali. "Hii si bangi. Yotham hana kosa."

Haikuwa afadhali.

Sasa mtu anaweza kuelewa jambo na bado asijue la kulifanyia. Ambokile aliketi kwenye ukingo wa korongo, ua mkononi, akawaza upesi kama kawaida yake. Akirudi na mmea huu kamili, ua na tunda, Inspekta Evodia atavua miwani na hataivaa tena. Cheo hakuna. Kantini yote itakuwa na hadithi mpya, na safari hii atakayechekwa hatakuwa Yotham. Lile gazeti litarudi na kamera.

Lakini akirudi mikono mitupu? Mwenyekiti alichoma yote, afande, hakuna kilichobaki. Kesi inaondolewa. Yotham anatoka kesho, anarudi kwake, anakula mboga yake. Mtu yuko huru, si ndiyo haki yenyewe? Hakuna aliyeumia.

Hapo kuna sehemu ndogo ya kichwa chake iliyokataa kunyamaza. Yotham atatoka, ndiyo, kwa kukosekana ushahidi. Atakuwa mzee wa bangi aliyeokolewa na mbuzi. Jumapili atasimama wapi, mlangoni pa kanisa, na nani atakubali kuonyeshwa pa kukaa na mkono ule? Mtoto wake atachumbiwa, watu watauliza, yule si binti wa mzee wa bangi? Mahakama itamwachia mwili. Jina lake litabaki humo ndani.

Ambokile aliyawaza yote hayo, kwa ukamilifu, na ndilo linalomkera mpaka leo. Hakukosa kujua. Alijua, akasimama, akashika bua la kwanza kwa mikono miwili, akang'oa.

Akalitupa korongoni. Akashika la pili. Masudi na mwenyekiti wangefika wakati wowote, na ilibidi wakute udongo mtupu. Mengine yalitoka kirahisi, mengine yalikuwa na mizizi ya ukaidi, ikabidi aweke goti chini na kuvuta kwa mgongo. Miiba ilimchana viganja. Maua yalimdondokea mabegani na kichwani, akawa anayapangusa kwa kiwiko. Jasho likamwingia machoni. Aling'oa, akatupa, akang'oa, akahema, na nyuma yake ndege wa kweleakwelea walishuka kwenye uwele kwa makundi wakaanza kula, na hakuna aliyewafukuza.

Halafu mikebe ikalia.

Ilikuwa mikebe mitupu ya mafuta, imetungwa kwenye kamba inayopita juu ya shamba, na ililia mara moja tu, kwa nguvu, karibu na kichwa chake. Ndege wote wakaruka. Ambokile akainua macho kuifuata kamba, na kamba ikampeleka hadi kwenye dungu, kile kichanja cha miti ambacho watu hukaa juu yake kuamia ndege tangu alfajiri. Alikuwa amekipita akiwa anatazama chini, anatafuta mshirika. Juu ya kichanja alikaa mwanamke mtu mzima, amejifunga kanga mbili kwa baridi, mwisho wa kamba mkononi.

"Afande," alisema. "Leo umekuja kunipalilia?"

Alikuwa Penina, mke wa Yotham. Mara ya mwisho walipoonana alikuwa anakimbia nyuma ya gari.

"Shikamoo mama," alisema Ambokile. Ilimtoka tu.

"Marahaba."

"Nakusanya... nakusanya kielelezo, mama."

"Kielelezo siku ile mlikibeba. Mlikifunga vizuri kabisa. Leo unakitupa."

"Ni utaratibu wa kesi."

"Eeh." Penina alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia habari za nchi ya mbali. "Mimi niko hapa tangu kungali giza. Nilikuona unaingia, umeinama hivi. Nikasema huyu amekuja kumkamata nani tena, amebaki nani? Nikanyamaza. Nikakuona unalishika ua. Unanusa. Unapasua tunda. Nikasema, Mungu, anaangalia. Leo anaangalia."

Ambokile alipangusa udongo viganjani. 

"Ukasema kwa mdomo wako. Sikukusikia vibaya, upepo unatoka huko kuja huku. Ukasema Yotham hana kosa. Mara ya pili ukasema tena." Akanyoosha mkono kwenye uwele. "Ndege wameshuka, sikuwafukuza. Nikasema wacha wale, yule kijana sasa hivi atakimbia. Atakimbia mpaka barabarani, atasimamisha gari lolote, aende akamfungulie. Nikasubiri nikuone unakimbia." Akalitazama korongo. "Ukaanza kung'oa."

Kwa mbali, upande wa njia, zilisikika sauti. Masudi alikuwa anacheka kitu, na sauti nzito ya Bartolomayo ilikuwa inamjibu. Walikuwa wanapita pembeni, wanaelekea palipochomwa. Kutoka kule wasingeona korongo.

"Mama," alisema Ambokile kwa sauti ya chini. "Mzee atatoka kesho. Nakuapia. Kesi inaondolewa. Hakuna haja ya..."

"Atatoka akiwa nani?"

 Ua moja lilikuwa limemng'ang'ania Ambokile begani, akaliacha hapo hapo.

Penina alizungusha kamba kwenye kiganja, akaivuta kwa mikono miwili, akavuta tena na tena, mikebe ikalia shamba zima mpaka kule ng'ambo ya korongo watu wakasimama kwenye madungu yao kutazama. Kicheko cha Masudi kikakatika. Vichwa viwili vikageuka juu ya uwele.

"Mwenyekiti!" aliita Penina. "Njooni huku! Afande ana neno la kusema!"